Mgeni wa Libérata na Orodha ya Majirani

Libérata hakunywa kitu ambacho hakukiona kikifunguliwa. Ukimkuta harusini, yuko pembeni, mgongo ukutani, macho mlangoni. Akiletewa fanta iliyokwisha kufunguliwa anaipokea kwa mikono miwili, anashukuru vizuri kabisa, kisha anaiweka chini ya kiti, na pale inabaki mpaka maharusi wanaondoka. Kule Gisenyi mtu akikukaribisha pombe au maziwa, huonja kwanza yeye mbele yako ndipo akupe. Ndiyo adabu ya mahali, anayetoa ndiye anayeanza. Lakini Libérata aliizidisha adabu hiyo. Hata akionjewa, alimtazama mwonjaji kooni aone kama kweli amemeza.

Watu wa mtaa walimcheka, na alijua wanamcheka.

"Mama Teta, we utakufa na kiu."

"Kiu inaua pole pole," aliwajibu. "Inakupatia muda ya kusali."

Alizaliwa upande wa Masisi, Kongo, kwenye vilima vya ng'ombe na jibini, kwa wazazi Wanyarwanda waliokaa kule mpaka makaburi ya babu zao yakaota miti. Kule aliitwa Mnyarwanda. Mwaka wa tisini na sita akavuka mpaka na mkeka, sufuria moja, na mwanawe Teta mgongoni, na upande huu wakamwita wa Kongo. "Nilipita hatua kumi tu pale barieri," alizoea kusema, "na jina yangu ikageuka." Aliuza isambaza sokoni, wale samaki wadogo wa ziwa, miaka ishirini na zaidi. Mumewe, Wellars, dereva wa lori, alikufa kwa presha. Nyumba waliijenga kwa mawe meusi ya volkano, na mengi ya mawe hayo yalipanda kilima juu ya kichwa chake mwenyewe. Teta sasa alikuwa karani Kigali. Chumba cha nyuma kilibaki kitupu, na Libérata alikipangisha kwa shida, maana kila mpangaji alikuwa na kasoro. Mmoja alitembea bila kutoa sauti ya miguu. Mwingine alicheka mno.

Na kulikuwa na Védaste, kaka yake.

Mwaka wa tisini na tatu, kule Masisi, mgeni alifikia kwa baba yao. Mtu wa ulimi laini, alisema anahesabu mifugo. Alikula mezani pao siku tano. Alikuwa na daftari, akapita nyumba kwa nyumba akiandika jina la mwenye nyumba na ng'ombe zake, na mwisho wa mstari neno moja zaidi, baada ya kuuliza kwa upole: nyinyi ni watu gani? Baba alikuwa mtu wa heshima, akajibu. Wiki tatu baadaye wakaja wanaume na karatasi. Wakamwita Védaste kwa majina yake yote mawili. Mmoja wao akamshika mkono, taratibu, kama mtu anayemsindikiza mgeni mpaka barabarani. Libérata alikuwa mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Védaste hakuonekana tena. Tangu siku ile, fanta inabaki chini ya kiti.

Sasa mwaka huu, mwezi wa kwanza, akaletewa mpangaji mpya, Behruz.

Alikuwa mzee wa miaka sitini na sita, mrefu, nyusi nene kama sharubu mbili zilizopotea njia. Fundi wa mashine za kukaushia chai, ameitwa na kiwanda kimoja cha huko milimani kufufua mtambo uliokataa kufufuka. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka kumi na moja Rungwe, Tanzania, kwa hiyo alisema Kiswahili cha kule, kilichonyooka. Siku ya kwanza alimwamkia Libérata, "Shikamoo, mama," na wapita njia wakacheka, maana Gisenyi hakuna anayeamkia hivyo. Libérata hakucheka. Aliona tu kwamba huyu mtu amejifunza kuingia kwa watu.

Akampeleka kwa Ndahiro, mkuu wa mudugudu, mwenye daftari la wageni wa mtaa. Tangu mambo ya Goma, ng'ambo ya mpaka, kuharibika, kila sura mpya ilitazamwa mara mbili. Ndahiro aligeuza pasipoti juu chini.

"Mwarabu?"

"Hapana, bwana mkuu. Mwirani."

"Si ni vile vile?"

Behruz akaweka mkono kifuani. "Kumwita Mwirani Mwarabu ni kama kumwita mama huyu Mkongo."

Libérata akageuza kichwa. Nani kamwambia? Ana siku moja tu hapa, nani kamwambia?

Mzee hakuona kitu, akaendelea kwa furaha. "Na kule Iran kwenyewe mimi si Mwajemi hasa. Ni Mgilaki, wa upande wa bahari ya kaskazini, kwenye mvua na chai. Wako Waturuki wa Tabriz, wako Wakurdi, Walori, Wabaluchi. Kila mmoja ana mzaha wake. Sisi Wagilaki wanatucheka kwamba tunakula vichwa vya samaki na wake zetu wanatutawala."

Ndahiro akafunika kalamu. "Papa, hapa tunaandika Iran, basi. Ile ingine, hapa kwetu hatuandikake."

Alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayeonyesha shimo barabarani. Libérata alilisikia lile shimo. Mgeni alitabasamu tu.

Jioni ile ile Libérata akampelekea sahani: isambaza za kukaanga, ndizi, na mboga za dodo, mchicha wa kule. Akachukua isambaza moja, akaila mbele yake, ndipo akamsogezea.

"Hapana, mama," Behruz akasema, mkono kifuani. "Usisumbuke. Kwa kweli hapana."

Libérata akarudi na sahani yake. Ameonja mbele yake na bado amekataa! Mtu anayekataa chakula kilichoonjwa anakuambia usoni kwamba wewe ni mchawi. Au anajua ya sumu kwa sababu ni kazi yake. Kumbe mwenzake, chumbani, alikaa kitandani akimngojea arudi. Kwao mtu aliyelelewa vizuri hukataa mara ya kwanza, hukataa mara ya pili, na mara ya tatu hupokea kwa aibu. Alingoja mara ya pili mpaka isambaza zikapoa jikoni. Akalala na njaa, akisema moyoni kwamba watu hawa ni wagumu.

Siku ya tatu naye akaleta shukrani. Biskuti za duara kutoka kwao, zenye mhuri wa maua juu na njugu ndani, akazitoa kwenye kopo la bati akaziweka mezani kwa Libérata. "Tafadhali, tafadhali, tafadhali." Hakuonja hata chembe. Akatabasamu, akasimama akitazama.

"Nitakula saa ingine," Libérata akasema. "Nimeshiba."

Alipotoka, akammegea jogoo. Jogoo akala yote. Libérata akamchunga siku mbili, asubuhi na jioni, akimtazama macho na kilemba. Jogoo akawika kama kawaida. Hilo nalo halikumtuliza.

"Sumu ya kuku haiko sumu ya mutu," akamwambia Yasmina, jirani yake wa ubavuni, muuza mandazi mwenye nusu ya ndugu zake Goma.

"Yewe, Mama Teta! Sasa unataka nani aonje, mimi?"

"We uko na watoto."

"Asante. Na jogoo iko na watoto wangapi?"

Wakacheka. Lakini biskuti zilibaki kwenye kopo.

Jumapili moja mwezi wa pili Libérata aliingia chumbani kwa Behruz kuchukua beseni lake. Ukutani, juu ya kitanda, mzee alikuwa amebandika picha ndefu iliyokunjwa mara nyingi: mawe, na kwenye mawe watu waliochongwa, wamepangwa mistari kama wanafunzi. Kila kundi na kofia zake. Kila kundi limebeba kitu.

"Hawa ni nani, Papa?"

Behruz aliruka kutoka kitini kama aliyesubiri swali hilo tangu Januari. "Majirani! Majirani wa wafalme wetu wa kale, yapata miaka elfu mbili na mia tano. Ni ngazi za jumba lao. Kila taifa limeleta zawadi. Hawa wenye kofia ya ncha ni Wasaka. Hawa ni Wababeli, wameleta fahali. Hawa Wayunani na vitambaa vyao. Kofia tu inatosha kukuambia nani ni nani."

"Na hawa kule chini, ku mwisho?"

Walikuwa watu watatu wenye nywele za mizunguko midogo. Mmoja amebeba pembe ya tembo. Wa mwisho anavuta mnyama kwa kamba.

"Wakushi. Watu wa Afrika. Huyo mnyama wataalamu wanabishana. Wengine wanasema twiga, wengine okapi."

Libérata akasogea mpaka pua ikakaribia ukuta. Okapi alikuwa hajamwona maishani ila kwenye noti ya Kongo. "Haiko twiga," akasema. "Ni okapi. Mi nilizaliwa kule, mi najua." Kisha akarudi nyuma hatua moja. "Donc, sisi ni ba mwisho."

"Sasa hapo kuna habari, mama." Mzee akajikuna nyusi. "Mgiriki mmoja wa kale aliandika kwamba Waajemi walijiheshimu kwanza wao wenyewe. Baada yao, wanaokaa karibu nao. Kisha wanaowafuata hao. Kadiri unavyokwenda mbali ndivyo heshima inavyopungua, na wa mwisho wa dunia hana hata tone."

"Na ni kweli?"

"Sijui. Aliyeandika alikuwa jirani, tena wa upande tuliopigana nao. Jirani akisimulia habari zako, msikilize kwa sikio moja. Lakini wafalme wenyewe hawakuwa na haya. Mmoja wao aliandika juu ya jiwe la kaburi lake: mimi ni Mwajemi, mwana wa Mwajemi."

"Ku jiwe?"

"Kwenye jiwe."

"Sisi yetu banaandikaga ku karatasi," Libérata akasema, na hakueleza.

Mzee alidhani mama amechoka na wafalme. "Leo mambo yamegeuka," akasema akicheka. "Mimi ndiye niliyetoka mbali. Kwa hesabu ya wazee wangu, hapa kwako mimi ndiye wa mkia, na okapi wangu."

Hilo karibu lingemfurahisha Libérata. Lakini jicho lake lilikuwa limeshaona kitu kingine. Mbele ya kila kundi palisimama mtu wa kifalme mwenye fimbo, na mtu huyo amemshika mkono mtu wa kwanza wa kundi. Kila kundi. Mkono kwa mkono.

"Huyu wa fimbo anamufanya nini?"

"Anamkaribisha. Anampeleka kwa mfalme."

"Anamukaribisha ao anamupeleka?"

"Ni kitu kimoja, mama."

"Hapana. Haiko kitu moja."

Akatoka. Beseni akalisahau.

Usingizi wake ulikatika siku hizo. Alijiuliza akichambua maharage, akajiuliza akipanga foleni ya maji. Kama heshima hupimwa kwa ukaribu, na kisu je? Yule mhesabu mifugo wa Masisi hakujua Védaste analala chumba gani. Aliyejua ni wa ua mmoja nao, aliyekopeshana nao chumvi. Wa mbali hakukujua hata jina. Na huyu mzee anakaa akifundisha watu kofia ya nani ni ipi.

Katikati ya mwezi wa tatu Yasmina aliingia jikoni kwake bila kubisha, mikono ingali na unga.

"Mama Teta, ule mugeni wako anaulizaka batu maulizo gani?"

"Maulizo gani?"

"Kwa Gatete, kule wananyoa. Amekaa ku kiti, povu ku mashavu, anamuuliza Gatete mbele ya batu yote: we ni wa watu gani? Gatete akasema mi ni Munyarwanda. Eti hapana, ndani ya Unyarwanda, watu gani? Baba yako, babu yako? Gatete akasimamisha wembe. Batu bakatoka mumoja mumoja. Mutu alibaki na nusu ya ndevu!"

"Na we, alikuuliza?"

"Aliniuliza. Nikasema mi ni Muislamu wa Gisenyi, shangazi zangu wako Goma, inatosha. Akacheka, akaandika."

"Akaandika?"

"Ku kadaftari."

Mwiko ulikuwa mkononi mwa Libérata. Akauweka chini polepole, mbali naye. Alikumbuka kwamba naye aliulizwa, wiki ya pili, pale bombani: na wewe, mama, ni wa watu gani? Aligeuza uso akajaza jerikani. Mzee hakuendelea.

Kesho yake, Jumamosi, Behruz alikwenda sokoni. Alikuwa amemwomba Libérata afagie chumba kila Jumamosi, na ufunguo wa pili ulikuwa shingoni mwake pamoja na rozari. Aliingia na ufagio. Mezani aliona mambo ya ajabu: sahani ya ngano iliyooteshwa ikawa majani mabichi, imefungwa utepe mwekundu. Kioo. Vitunguu saumu. Kikombe cha siki. Mayai mawili yaliyopakwa rangi. Akafanya ishara ya msalaba. Hii ni meza ya mganga, akasema, na kama si ya mganga, ni ya nani?

Chini ya kioo kulikuwa na daftari, wazi.

Maneno mengi yalikuwa ya maandishi yao, yanayotoka kulia kama mtu anayerudi nyuma. Lakini katikati ya ukurasa palichorwa nyumba ndogo, na kuizunguka duara, na kuizunguka duara hiyo, duara nyingine, na nyingine tena. Juu ya duara palikuwa na majina kwa herufi anazozijua. Yasmina. Ndahiro. Gatete. Mpaka watu wa barabara ya chini. Ukurasa wa pili majina yale yale yamerudiwa kwa mstari, na mkabala na kila jina, kwenye safu ya pembeni, neno moja: Kongo. Uganda. Mwislamu. Tanzania. Gatete alikuwa na Uganda na kistari cha mashaka. Jina la kwanza kabisa juu ya wote lilikuwa Libérata. Pembeni yake hapakuwa na neno, ila alama ya kuuliza.

Alikaa kwenye kitanda cha mgeni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akahesabu majina. Kumi na tisa. Alipomaliza hakujua kwa nini amehesabu.

Alijua vizuri kilichokuwa mbele yake. Akilipeleka daftari hili kwa Ndahiro, Ndahiro atapiga simu ngazi ya juu, na mzee ataondoka Gisenyi na sanduku lake, mtambo ukiwa umefufuka nusu, labda kwa kosa ambalo hata hajui jina lake. Asipolipeleka, na kama huyu ni mtu wa orodha, basi mara ya pili maishani mwake mtu wa orodha amefikia nyumbani kwao.

Akalificha daftari ndani ya kitenge, akatoka. Getini akakutana uso kwa uso na Behruz, mfuko wa karanga na sukari mkononi, amefurahi, amechafuka vumbi la soko. Macho ya mzee yakashuka kwenye kitenge, yakaona pembe ya daftari.

"Papa Behruz," Libérata akasema, "weka ile mufuko. Twende kwa Ndahiro."

"Kuna nini, mama?"

"Twende."

Na kwa sababu aliogopa atakimbia, au aliogopa yeye mwenyewe atarudi, akamshika mkono. Wakashuka barabara ya mawe hivyo, mama mfupi mbele, mzee mrefu nyuma yake. Yasmina akaacha mafuta yakichemka, akasimama. Pale kwa Gatete vichwa vikatoka. Mmoja akauliza kwa sauti, "Mama Teta, unamupeleka wapi?" Libérata aliendelea kushuka. Alijitazama mkono. Ulikuwa umeshika taratibu, bila nguvu, na aliujua ule mshiko. Aliwahi kuuona kutoka mlangoni mwa jiko. Alitaka kuuachia. Hakuuachia.

Ndahiro alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, wa pili akiwa amekaa. Uso wake ukawa wa serikali.

"Papa, hii ni nini? Nilikuambia hatuandikake hii!"

"Ulikataza katika daftari lako," Behruz akasema. Sasa alikuwa ameelewa kwamba jambo ni zito, ila uzito wake hakuujua. "Hili ni langu. Ijumaa ni mwaka mpya wetu. Siku ya kwanza ya majira mapya, ndiyo maana nimepanga meza chumbani, na kioo na mayai. Mtu huwa na desturi ya kuwatembelea watu, kwa utaratibu. Anaanza kwa mkubwa na wa karibu, anaendelea mpaka wa mbali, na kila nyumba anapeleka kitu kitamu. Kule kwetu ningejua nianze wapi. Hapa sina shangazi, sina mjomba. Nikajichorea."

"Na hii ya pembeni? Kongo, Uganda?"

"Ili nijue nani hali nini. Nani nimsalimie vipi, nimtanie vipi. Kwetu ukikutana na mtu unamuuliza, wewe wa wapi, wa watu gani? Akisema ni Mturuki unamchokoza, naye anakuchokoza, urafiki umeanza. Mtu asiyeulizwa anaona hajaheshimiwa."

"Hapa kwetu," Ndahiro akasema, "mutu aliyeulizwa hivyo alikuwa anatafuta wapi atapita kukimbia."

Mzee akavuta kiti. Akaketi bila kukaribishwa. Alitazama mikono yake, ya mafuta ya mashine, kama vile ndiyo iliyoandika bila ruhusa.

Ndahiro akatoa simu, akaiweka juu ya daftari. Hakupiga. Alimgeukia Libérata. "Mama Teta, huyu ni mugeni yako. We ndiye umemuleta hapa siku ya kwanza, we ndiye umemuleta leo. Sema. Nipige ao nisipige?"

Libérata alikuwa bado amesimama. Hakupenda maelezo mazuri. Yule wa mifugo alikuwa na maelezo mazuri kuliko haya. Sukari na karanga alikwisha kuziona kwa macho yake, lakini sukari hununuliwa na kila mtu. Alitafuta swali moja lisilo na mlango wa nyuma.

"Papa Behruz. Jina yangu iko juu ya yote. Juu ya sababu gani umeniwekea alama ya kuuliza?"

Mzee hakuwahi kufikiri kabla ya kujibu, na hapo pia hakufikiri. "Kwa sababu nilikuuliza, mama, pale bombani, ukageuza uso. Kwetu kila jambo huulizwa mara tatu. Chakula mara tatu, kwenda mara tatu, kukaa mara tatu. Lile nikaona nisilirudie."

"Juu ya nini?"

"Sijui. Uso wako."

Nje mtu alipita na pikipiki, ikapanda kilima mpaka sauti ikaisha. Libérata alikuwa akifikiri juu ya yule mgeni mwingine, wa ulimi laini, mezani kwa baba. Baba naye alisita kidogo siku ile. Alitazama dirishani. Na yule mtu akauliza tena, kwa upole. Na tena.

"Usipige," akamwambia Ndahiro. "Nipatie makasi."

Mke wa Ndahiro akaleta makasi ya kushonea. Libérata hakumwachia mtu mwingine. Akakata safu ya pembeni kutoka juu mpaka chini, Kongo na Uganda na Mwislamu na alama yake ya kuuliza, ukanda mrefu mwembamba kama utepe. Akatoka uani, akauweka juu ya makaa ya imbabura, jiko la mke wa Ndahiro, akasubiri mpaka mwisho wake umekunjamana. Akavunja majivu kwa kijiti. Kisha akarudi ndani, akamrudishia Behruz daftari.

"Majina bakia nayo. Utajua nyumba tu. Mutu akifungua mulango, utamusalimia vile amefungua."

"Na nani nimtanie?"

"Mi sijui. Gatete, tania. Alikuacha na nusu ya ndevu."

Ndahiro alicheka kwanza yeye, kwa pumzi iliyokuwa imekwama. Lakini walipokuwa wakitoka alimvuta Libérata kando, akamnong'oneza, "Mutazame, hata hivyo." Naye akajibu, "We unafikiri nitafanya nini ingine?"

Ijumaa asubuhi, kabla hata ya watoto kwenda shule, mlango wake ulibishwa. Behruz amesimama na suti iliyokunjamana, nywele zimelowa maji. Mkononi alikuwa na sahani ya biskuti za duara, safari hii zimejazwa karanga za soko la Gisenyi, zimeokwa ndani ya sufuria na makaa juu ya kifuniko. Moshi wake ulikuwa umesumbua jogoo jana mchana kutwa.

"Mwaka mpya, mama. Wewe ni wa kwanza."

Kisha, bila kuambiwa, akachukua moja katikati ya sahani, akaivunja, akaila yote mbele yake, taratibu. Akamwonyesha koo. Akameza. Akangoja.

"Hapana, Papa," Libérata akasema, mkono kifuani. "Usijisumbue."

Nyusi za mzee zikapanda. "Tafadhali, mama."

"Hapana, nimeshiba."

"Tafadhali."

Ndipo akanyoosha mkono. Hakuchukua ya pembeni iliyokuwa karibu naye, alichukua iliyopakana na ile aliyokula mzee mwenyewe. Akaigeuza, akainusa. Akavunja chembe ndogo ya ukingo, akaitupa uani. Jogoo akaja mbio.

Wote wawili wakasimama mlangoni wakimtazama jogoo, mzee na sahani yake, mama na biskuti yake, wakingoja. Jogoo akala, akafuta mdomo kwenye jiwe, akatafuta nyingine.

"Bon," Libérata akasema, akauma.